Mwongozo kwa Kijana Atakaye Mbio za Kiti cha Magurudumu

Wewe kijana ambaye maradhi ya utotoni, au ajali, au namna ulivyozaliwa imekunyima nguvu za miguu, na ambaye siku moja uliona katika televisheni msafara wa viti vya magurudumu matatu ukipita barabarani kwa kasi asiyoiweza mkimbiaji yeyote wa miguu, kisha ukatamani kuwamo, mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Wa kukupa maneno ya kukutia moyo hutawakosa. Mimi nakusudia kukueleza kazi yenyewe ilivyo, tangu kukitafuta kiti hadi kujipatia riziki kwacho, ili ukiazimia kuingia uingie kwa maarifa. Na ikiwa utasahau mengine yote, nakusihi ulishike hili moja: mikono itakayokushindania katika mbio hizi ndiyo hiyo hiyo inayokutoa kitandani asubuhi, inayokupandisha garini na kukuogesha; kwa hiyo kila shauri la kiti, la mazoezi na la mashindano, litazame kwanza kwa upande wa siha ya mabega yako, ndipo uitazame medali.

Yafaa ujue unaingia katika mchezo wa namna gani. Mwezi wa Novemba 2021, katika mji wa Oita huko Japani, ambako tangu mwaka 1981 hufanyika marathoni ya viti vya magurudumu peke yake, Mswisi Marcel Hug alimaliza kilomita 42 na mita 195 kwa saa 1, dakika 17 na sekunde 47, ikawa rekodi ya dunia. Ilhali marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya, alipoishangaza dunia mjini Chicago mwaka 2023 kwa kukimbia upesi kuliko binadamu yeyote aliyemtangulia katika mashindano yanayotambuliwa rasmi, alitumia saa 2 na sekunde 35. Sisemi hayo ili kumtukuza mmoja juu ya mwenziwe, kwani gurudumu na mguu ni vitu viwili mbali. Nasema ili utambue kwamba huu ni mchezo wa mwendo mkali, ambao mshindani wake hushuka mlima kwa kasi ya gari huku amekaa chini karibu na lami, na ambao haumwonei huruma mtu aliyekuja bila kujiandaa.

Asili yake ilikuwa ya unyenyekevu. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile ilipofunguliwa Michezo ya Olimpiki ya London, tabibu Ludwig Guttmann aliwakusanya wanajeshi 16 waliojeruhiwa, wanaume na wanawake, katika hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza, wakashindana kulenga shabaha kwa upinde na mshale. Na kutokana na mkusanyiko ule ikazaliwa Michezo ya Paralimpiki, iliyofanyika kwa mara ya kwanza Roma mwaka 1960. Ama mbio za barabarani, mlango wake ulifunguliwa Boston mwaka 1975, pale Bob Hall, kijana aliyepooza kwa polio, alipoomba kushiriki marathoni ile mashuhuri, akaambiwa kwamba akimaliza chini ya saa 3 atapewa cheti kama wengine. Alimaliza kwa saa 2 na dakika 58, kwa kiti ambacho leo tungekihesabu kuwa kizito mno, kisha akaigeuza kazi yake kuwa uundaji wa viti bora zaidi. Mpaka leo wale waliokishinda kizazi chao, aghalabu, ni watu wanaokijua kiti chao kama fundi anavyokijua.

Kabla hujanunua chochote, jua utashindana na nani. Washindani hupangwa katika madaraja kwa kadiri ya nguvu zilizobaki mwilini, ili mtu asishindwe kwa sababu tu ulemavu wake umezidi wa mwenziwe. T51 na T52 ni za wale ambao udhaifu umewafika hata mikononi. T53 ni ya wenye mikono mizima lakini kiwiliwili hakiwasaidii. T54 ni ya wenye mikono mizima na kiwiliwili chenye nguvu, zote au sehemu yake. Na T33 na T34 ni za wenye mtindio wa ubongo. Wanaokupanga ni tabibu na wataalamu wa mchezo, ambao hukupima mezani kisha wakakutazama ukishindana. Nenda kwao na hati zako zote za hospitali, ueleze hali yako kwa ukweli mtupu, wala usimsikilize atakayekushauri ujifanye dhaifu kuliko ulivyo, kwani hiyo ni hiana juu ya wenzako wenyewe, na adhabu yake ni kufungiwa.

Sasa nije kwenye kiti, na hapa nitakaa sana, kwa sababu ndipo wengi wanapopotelea. Kiti cha mbio si kile cha kila siku. Kina magurudumu mawili makubwa nyuma, yaliyoinamishwa ili juu yakaribiane na chini yatanuke, na gurudumu moja dogo mbele, mwisho wa fremu ndefu. Sheria inataka gurudumu kubwa, pamoja na tairi lake lililojazwa upepo, lisizidi kipenyo cha sentimita 70, na lile dogo lisizidi 50. Kila gurudumu kubwa liwe na pete moja tu ya kusukumia. Na kusiwe na gia, wala mnyororo, wala kioo cha kutazamia nyuma. Mbele kuna usukani na breki, na kuna wenzo mdogo ambao ukiugonga kwa ngumi hulipindisha gurudumu la mbele kwa pembe uliyoipanga mapema, ili kiti kiizunguke kona ya uwanja pasi na mikono yako kuacha kusukuma.

Kama fundi cherehani asivyoweza kukushonea kanzu kwa kipimo cha jirani yako, ndivyo kiti hiki kisivyoweza kukufaa ikiwa kiliundwa kwa mwili wa mwingine. Nyonga zishikwe barabara, zisitikisike kushoto wala kulia, maana kila mtikisiko ni nguvu iliyotoka begani ikapotea kabla haijafika kwenye gurudumu. Wenye nguvu za kiwiliwili aghalabu hupiga magoti, miguu ikakunjwa chini yao, na kifua kikainama mbele. Wasio nazo hukaa katika kikalio chenye kina, magoti yameinuliwa kuelekea kifuani, wakaegemea mapaja yao. Ukiinama, mikono yako yapasa kuifikia sehemu ya chini kabisa ya pete bila ya kujinyoosha kwa taabu, na viwiko viwe na nafasi ya kupanda nyuma. Mwambie fundi akupime upana wa nyonga, urefu wa mapaja na urefu wa mikono, na akupime ukiwa umevaa nguo utakazoshindania.

Viti vya namna hii huuzwa kwa maelfu ya dola, na vile vya nyuzi za kaboni huuzwa kwa bei inayozidi sana hiyo. Shauri langu kwa anayeanza, na hasa kwa mtoto ambaye mwili wake ungali unakua, ni kuazima au kununua kilichotumika, cha alumini, ili mradi upana wa kikalio umfae au uweze kupunguzwa kwa sifongo ngumu. Wala usione haya kuomba. Kurt Fearnley, aliyekulia katika kijiji kidogo cha Carcoar huko Australia, alipata kiti chake cha kwanza cha mbio kwa sababu wanakijiji wenziwe walichangishana fedha. Nasi watu wa Afrika Mashariki, tunaochangishana kwa harusi na kwa masomo, hatuna udhuru wa kusema kwamba jambo hilo ni geni kwetu. Chama cha michezo cha wilaya, msikiti, kanisa, wafanyabiashara wa soko lenu: waendee ukiwa na karatasi yenye bei na vipimo, kwani mwenye maombi yanayoeleweka husikilizwa.

Kisha jifunze kukitengeneza kwa mikono yako. Fundi baiskeli wa mtaani kwenu atakufundisha mambo ya spoki, beringi na upepo, nawe umfundishe sababu ya magurudumu kuinama. Tairi za mbio nyingi hugundishwa juu ya rimu. Gundi ikizeeka, tairi huchopoka konani na kukuangusha. Huyo Fearnley, akiwa anaongoza marathoni ya Paralimpiki ya Athens mwaka 2004, alipata pancha zikiwa zimebaki kilomita kama 5, akaendelea kusukuma juu ya tairi lisilo na upepo mpaka akaitwaa dhahabu. Tunastahili kumstaajabia kwa hilo; lakini wewe kila jioni ya kuamkia mashindano pitisha kidole juu ya kila tairi, utafute kigae na mwiba.

Kuhusu kusukuma kwenyewe, mgeni hudhani kwamba mkimbiaji huishika pete na kuivuta. Haishiki kamwe. Mkono uliokunjwa ngumi ndani ya glavu ngumu huipiga pete karibu na juu, mahali ambapo akrabu ya saa ingeonyesha saa saba mchana, ukaikandamiza kuteremka mpaka chini kabisa, kisha ukaiachia kwa kuitupa nje, kiwiko kikapanda juu nyuma ya mgongo kabla ya kurudi kwa pigo jingine. Siri imo katika kule kuachia: anayechelewa kuachia hujifungia breki mwenyewe. Glavu za ngozi humfaa anayeanza; wakubwa hutumia za plastiki ngumu, nyingine ikiwa ni ile inayolainika katika maji ya moto hata ikafinyangwa kufuata ngumi ya mwenyewe, zikiwa na mpira mahali panapogusa pete. Zifinyange, uzijaribu, uzikate, uzifinyange tena. Na kwa kuwa mvua huifanya pete iteleze, fanya mazoezi katika mvua kabla mvua haijakukuta mashindanoni.

Mazoezi yaanze kwa upole. Washindani wakubwa husukuma maili 100 na zaidi kwa juma, lakini wamezifikia kwa miaka, na kijana anayejaribu kuzifikia kwa miezi huishia kwa daktari. Mwaka wa kwanza jifunze pigo lililo sahihi, kwa mwendo wa wastani, juu ya lami iliyo sawa. Ndipo uongeze vilima, na baada ya vilima, mbio fupi za kasi. Pasipo na uwanja wala barabara ya salama, fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kukutengenezea fremu yenye mabomba mawili yanayozunguka juu ya beringi, ukaweka magurudumu ya nyuma juu yake na kusukuma ukiwa uani kwenu. Wengi wa walio mabingwa leo hutumia mitambo ya asili hiyo hiyo wakati barabara zao zimefunikwa na theluji.

Mabega, nimekwisha kusema, ndiyo rasilimali yako. Kusukuma huikuza misuli ya kifua na ya mbele ya bega, na ile ya nyuma ikibaki dhaifu, bega huvutwa mbele na kano zake zikaanza kusagika. Dawa yake ni kuvuta. Chukua mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ukate, uufunge kwenye nguzo, uvute kuelekea mbavuni, taratibu, kila siku ya mazoezi. Na ulale kifudifudi ukiinua mikono pembeni bila ya uzito wowote. Pumzika siku nzima katika juma, na siku hiyo ubao wa kuhamia kitandani ukusaidie, usijinyanyue kwa mkono mmoja. Maumivu ya misuli baada ya kazi ni jambo la kawaida. Lakini maumivu ndani ya bega yanayokuamsha usiku ni onyo, nayo hayatibiwi kwa vidonge vya kutuliza na kuendelea.

Ngozi nayo. Ikiwa huhisi chini ya kiuno, huwezi kujua kwamba kikalio kinakukwaruza mpaka kidonda kimekwisha kuchimba. Basi kila jioni, bila kukosa, jitazame kwa kioo, au mtu wa nyumbani unayemwamini akutazame, na ukiona wekundu au weusi usiokuwapo jana, usiketi katika kiti cha mbio hata utoweke. Kidonda cha namna hii kimewatoa wengi mchezoni kwa miezi, na kikipuuzwa huua. Aidha, wako wanaojizuia kunywa maji siku ya safari au ya mashindano kwa kuogopa taabu ya choo. Nawasihi waiache tabia hiyo, kwani figo na kibofu cha mtu aliyeumia uti wa mgongo huhitaji maji kuliko cha mwingine. Na kwa kuwa aliyeumia uti hatoki jasho vema chini ya jeraha, joto la pwani yetu ni hatari kwake: afanye mazoezi alfajiri, achukue kitambaa kilicholoweshwa, ajimwagie maji shingoni.

Utasikia pia, kwa minong'ono, kwamba wako walioumia uti wa mgongo juu ambao hujiumiza kwa makusudi mahali pasipohisi, ili shinikizo la damu lipande na kuwapa nguvu. Jambo hilo limeharimishwa katika michezo tangu miaka ya 1990, na sababu iko wazi: shinikizo hilo laweza kupasua mshipa wa ubongo. Likimbie.

Barabara yataka hadhari ya peke yake, kwa vile dereva wa lori hamwoni mtu aliyelala chini ya kiwango cha boneti yake. Funga bendera ndefu, vaa rangi inayong'aa, washa taa nyuma, na usitoke bila ya mwenzako wa baiskeli au pikipiki akufuate. Mmarekani Susannah Scaroni, majuma machache baada ya kutwaa dhahabu ya mita 5,000 huko Tokyo mwaka 2021, aligongwa na gari akiwa mazoezini, akavunjika pingili za mgongo. Na ijapokuwa mwaka uliofuata alirudi akashinda Chicago na New York, hakuna atakayeitamani njia hiyo. Kofia ngumu ni sharti la sheria katika mbio za mita 800 na zaidi. Kwako iwe sharti hata unapokwenda dukani kwa kiti hicho.

Katika shindano lenyewe, adui mkubwa ni upepo. Anayekaa nyuma ya mwenziwe, gurudumu lake la mbele likiwa karibu kabisa na magurudumu ya aliye mbele, huhifadhi nguvu nyingi, na kundi lenye adabu hupokezana zamu ya kuongoza. Jizoeze kukaa hapo bila kugusa, na uongoze zamu yako ikifika. Mwenye kujificha safari nzima kisha akachomoka mwishoni hakuvunja sheria. Hata hivyo wenzake humkumbuka, na siku nyingine humwacha peke yake upeponi.

Upande wa riziki, mambo yamebadilika. London Marathon mwaka 2024 ilitangaza zawadi sawa kwa washindi wa viti na wa miguu, dola 55,000 kwa mshindi wa kwanza, nami nahesabu hiyo kuwa insafu iliyochelewa. Lakini fedha hizo huwafikia wachache, kwa hiyo usiache shule. Catherine Debrunner wa Uswisi, aliyetwaa dhahabu 5 huko Paris mwaka 2024, amesomea ualimu wa shule ya msingi; na Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani kimewalea Jean Driscoll, aliyeshinda Boston mara 8, na Tatyana McFadden, na Scaroni huyo tuliyemtaja, wakisoma huku wakishindana. Wala usidhani kwamba umechelewa. Ernst van Dyk wa Afrika Kusini alishinda Boston mara yake ya kwanza mwaka 2001 na ya kumi mwaka 2014, akiwa amepita miaka 40. Na Anne Wafula Strike, mzaliwa wa Kenya aliyepooza kwa polio akiwa mtoto mdogo, aliyaanza mashindano haya akiwa mtu mzima, mwalimu na mama, kisha akaiwakilisha Kenya huko Athens mwaka 2004, akiwa wa kwanza kutoka Afrika Mashariki katika mbio za viti vya Paralimpiki.

Neno langu la mwisho nawaelekezea walimu na wazazi, kwa sababu kijana hawezi kujifungulia mlango uliofungwa na wakubwa. McFadden alizaliwa Urusi na mgongo wazi, akalelewa katika nyumba ya mayatima isiyokuwa na kiti cha magurudumu, akawa anatembea kwa mikono mpaka alipochukuliwa na mama mlezi wa Kimarekani. Na alipokuwa mwanafunzi wa sekondari huko Maryland, hali amekwisha kupata medali 2 za Paralimpiki, shule ikamtaka akimbie peke yake uwanjani wakati wenzake wamekwisha kukimbia. Yeye na mama yake walikwenda mahakamani, hawakudai hata senti moja ya fidia, walidai tu akimbie pamoja na wenziwe. Wakapata, na mwaka 2008 jimbo la Maryland likatunga sheria ya kuwapa wanafunzi wote wenye ulemavu haki hiyo. Mwaka 2013 msichana yule alishinda marathoni za Boston, London, Chicago na New York katika mwaka mmoja, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kabla yake, si wa kiti wala wa miguu. Basi, mwalimu wa michezo, muhula ujao utakapoorodhesha majina ya watoto watakaokimbia, muulize na yule aliyeketi kitini kama anataka, na akikubali, liandike jina lake katika orodha hiyo hiyo.